Jiwe la Wiesława

Huyu Halina ni rafiki yangu, wala si mtu wa kuzua. Yeye na Wiesława wamezeekea kazi moja pale Gdańsk, mji wa kaskazini ya mbali, ya kuchunguza buibui wa kale walioganda ndani ya kaharabu, ule utomvu wa miti uliogeuka jiwe. Halina hajawahi kupata hata buibui mmoja wa maana. Hata kidani cha kaharabu alichoachiwa na bibi yake, anachokivaa kila siku, ni kitupu.

Desemba hiyo Wiesława akapata buibui mwenye mkia, babu wa buibui wote, ambaye wawili hao walimsaka ujana wao mzima.

“Shoga, kanisugulie jiwe langu kule chini, mkia uonekane vizuri. Taratibu lakini, ukimgusa buibui umeniua!”

“Unaniamini mno, bibi wee,” Halina akacheka, roho ikimuuma.

Chini kwenye karakana akasugua kwa maji, akatazama, akasugua tena. Ukabaki msuguo mmoja tu kumfikia buibui. Wivu ukampanda, akaukaza mkono.

Umeme ukakatika. Alasiri za Desemba huko ni kiza tupu. Halina akaacha kusugua, ila mkwaruzo haukukoma: kra, kra, kama ukucha kwenye kioo. Ukasogea mezani, ukamkaribia, ukanyamaza.

Taa zilipowaka, jiwe la Wiesława lilikuwa zima, bila hata ufa, na ndani hamna kitu.

“Vipi shoga, umeuona mkia?” Wiesława akauliza, akishuka ngazi.

Halina akapeleka mkono shingoni. Chini ya kola yake, ndani ya kidani cha bibi, mkwaruzo ulikuwa umeanza upya.