Anayesukwa Ndiye Anayesoma

Duka la vitabu lilifurika wazazi waliofuata madaftari. Katikati yao alisimama msusi, gauni la njano likiwaka, riwaya mkononi.

"Kaka, nani kaweka hii kwenye rafu ya mapishi?"

Muuza vitabu, shati limenyooshwa pasi mpaka kola inakata, akakuna kichwa. "Bosi. Anasema kitabu cha mwanamke hununuliwa na mwanamke, na wanawake husimama hapa."

"Mwanamke Mweusi kaandika vita na mapenzi, nyie mmemweka jirani na keki! Hamna haya?"

"Mimi ninazo, dada. Ndiyo maana nimeshindwa kukutazama usoni."

Msusi alicheka bila kupenda. Jumamosi akamkuta mlangoni pa saluni yake, amebeba mfuko wa vitabu vingine vya wanawake Weusi, vyote kavitoa kwenye mapishi na malezi.

Saluni ile ilikuwa na sheria moja: anayesukwa ndiye anayesoma kwa sauti, wengine wanasikiliza. Kichwa kikiisha, kitabu kinahamia kwa anayefuata. Wateja wakaongezeka, wengine hata bila nywele za kusuka. Muuza vitabu naye akawa habanduki, na simu zikawa hazikatiki.

"Umelala, malkia wa vitana?"

"Nimelala. Anayeongea ni kitana."

Mapenzi yakanoga. Kisha muuza vitabu akaharibu.

Kikundi hicho cha wasomaji kilipotimiza mwaka, zamu ilikuwa ya mama wa mitumba. Mama huyu aliacha shule mapema. Ukurasa wake aliufanyia mazoezi nyuma ya meza ya nguo, akinong'ona, akiogopa kuchekwa. Alikuja na gauni jipya, akakaa kigodani, akafungua kitabu. Ndipo muuza vitabu akaingia na mhadhiri mwenye tai.

"Nimewaletea mgeni rasmi!"

Mhadhiri akaeleza. Akaeleza kwamba waandishi hawa wana uchungu, akaeleza jinsi wanawake wanavyopaswa kuwaelewa, akaeleza hadi kichwa cha mama kikaisha kusukwa. Mama alifunga kitabu, akashukuru, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata hakuonekana.

"Mpenzi, nilitaka kuwapa hadhi," muuza vitabu alijitetea kwenye simu.

"Hadhi? Nani kakwambia hatukuwa nayo? Tumetoa vitabu kwenye mapishi, wewe ukatuletea mwanamume wa kututafunia! Usinipigie tena."

Akakata, akamchana mteja kwa hasira hadi mteja akalia, "Dada, kosa si langu!"

Siku chache baadaye mama wa mitumba akaingia saluni, uso umekunjuka. "Yule kijana wako kaja mezani kwangu, mbele ya wateja. Kasema, 'Mama, nilikunyang'anya zamu yako, nisamehe.' Nimemwambia aje Jumamosi, afunge mdomo."

Alikuja. Msusi hakumsalimu, alimtupia fungu la rasta za kusukia. "Chambua."

Akachambua. Mama akasoma. Akakwama, akarudia neno, akaendelea, sauti ikipanda. Hakuna aliyemsaidia, hakuna aliyecheka. Alipomaliza, saluni ililipuka vifijo.

"Haya, mwanangu," mama akamgeukia, "una la kueleza?"

"Sina, mama. Nina ombi tu. Nataka kumuoa msusi wenu."

"Mbele ya watu wote hawa?" msusi akang'aka, akimnyooshea kitana.

"Ulitaka nilete mgeni rasmi anisemee?"

Wanawake wakaangua kicheko. Msusi alichukua kitabu, akampa anayefuata, akavuta kigoda.

"Maliza rasta kwanza," alisema. "Mke wako hapendi kazi nusunusu."