Bonde la Kila Alasiri

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajavua viatu, Kiherehere alipita kwanza chumba cha masanduku. Jina lake halisi lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio, na halikutumika penginepo. Nyumbani, dukani, hata darasani, wote walimwita Kiherehere, kwa sababu tangu alipoanza kutambaa hakuwahi kuona kitu kilichofunikwa akakiacha kilivyo. Mwenyewe hakuona ubaya wa jina hilo. Aliitika kwa raha zake.

Chumba hicho kilikuwa nyuma ya nyumba, na ndicho kilichowalisha. Baba alikusanya mayai kwa wafugaji wa mtaani, akayapanga ndani ya masanduku ya mbao yenye taa za joto na sahani za maji, na baada ya wiki tatu wakatoka vifaranga wa kuuza. Masanduku yalikaa safu mbili, ya juu na ya chini. Yote yalitengenezwa na fundi mmoja jirani yao, mtu mcheshi aliyeweka penseli nyuma ya sikio muda wote, hata anapokwenda msibani.

"Masanduku haya nafungua mimi peke yangu," baba alikuwa amesema zaidi ya mara moja.

Kiherehere aliitikia kwa adabu. Ila kwa hesabu zake yeye, kuchungulia si kufungua.

Siku hiyo alikuja na Mapengo, rafiki yake wa darasani, pamoja na wasichana wawili wa darasa la chini yao. Baba alikuwa amekwenda kupeleka vifaranga kwa wateja, kama kawaida yake saa zile. Safu ya juu Kiherehere hakuifikia bila kupanda kigoda, kwa hiyo alifungua mlango wa sanduku la chini, akatoa yai moja, akamwekea Mapengo sikioni.

"Sikiliza."

Mapengo akakodoa macho. "Kuna mtu humo ndani."

"Kifaranga. Wakikaribia kutoka huwa wanalia hivyo. Subiri zamu, wewe, usisukume."

Yai likapita sikio hadi sikio, likarudishwa, likatolewa jingine. Mlango ukakaa wazi hadi kila mtu aliporidhika. Kisha Kiherehere akaufunga taratibu kama anayefunika mtoto aliyelala, akatoka na wageni wake akijiona mwenye nyumba hasa.

Miezi ya karibuni, hata hivyo, mambo ya chumba kile yalikuwa yamekwenda mrama. Masanduku mengine yalitoa vifaranga vizuri, lakini kwa mengine mayai mengi yalibaki kimya. Baba alipoyapasua aliwakuta vifaranga waliokamilika, na manyoya yao, wamefia ndani. Kiherehere alipowaona mara ya kwanza alilia hadi chakula kikamshinda. Baba naye hakulia, lakini aliacha kupiga mluzi akifanya kazi, na watu wa nyumbani waliona hilo ni baya zaidi.

Bahati nzuri, dada yake Kiherehere alikuja likizo. Dada alikuwa anasomea kompyuta chuoni, na mwanzoni mwa mwaka alikuwa amemshauri baba aweke kipimajoto kidogo cha umeme ndani ya kila sanduku. Vipimajoto hivyo viliandika joto vyenyewe, mchana na usiku.

"Namba ninazo hadi naota namba," baba alimwambia. "Lakini sioni zinaniambia nini."

"Baba, hakuna jicho la mtu linaloweza kusoma namba zote hizi," dada alisema. "Hebu tumpe kazi huyu."

Akaweka kompyuta yake juu ya meza ya chakula, akafungua programu. Kiherehere akavuta kiti karibu sana, hadi dada akalazimika kuandika akiwa amekunja kiwiko.

"Programu hiyo umeinunua?" Kiherehere aliuliza.

"Hapana. Ni programu huria. Watu wa nchi mbalimbali wameiandika wakaiacha wazi. Yeyote anaweza kuichukua bure, kuisoma ilivyotungwa, hata kuirekebisha. Kuna mtu nisiyemjua kabisa aliyekaa akaandika kipande ninachokitumia leo kwa vifaranga wa baba."

"Na yeye anafuga kuku?"

"Sidhani. Kazi yake ni namba tu, ziwe za kuku au za mvua." Dada akageuza kioo ili Kiherehere aone vizuri. "Tazama. Kila sanduku lina mstari wake. Joto likipanda, mstari unapanda. Likishuka, unashuka. Programu inalinganisha mistari hii, kisha inajifunza yenyewe ipi inafanana na ipi, na kuipanga kwa mafungu. Sisi hatuiambii chochote kuhusu vifaranga."

Baba alisimama nyuma yao, mikono kiunoni. Dada akabonyeza. Yakatokea mafungu mawili, moja la rangi nyekundu na jingine la buluu. Baba akayatazama kwa muda, akatikisa kichwa.

"Haya mekundu yamechanganyika," alisema. "Hili linatotoa vizuri, na hili la pembeni yake linaniua. Kompyuta yako imebahatisha tu."

Dada alikuna kichwa. Alikwenda chumba cha masanduku, akarudi akicheka. "Kosa ni langu. Vipimajoto vingine umevifunga karibu na taa, vingine mbali. Vilivyo karibu na taa vinasoma joto la juu muda wote. Programu imeweka vyenye namba kubwa fungu moja, na vyenye namba ndogo fungu jingine, basi. Sikuiambia itazame kitu kingine."

"Sasa?"

"Sasa naiambia isijali mstari uko juu au chini. Itazame umbo lake tu, unavyopanda na kushuka."

"Kama wimbo," alisema Kiherehere. "Mama akiuimba kwa sauti nyembamba na baba kwa sauti nzito, bado ni wimbo uleule."

"Baba akiimba, wimbo uleule hauwi," dada alisema, na baba akampiga kofi la mzaha begani.

Dada akabonyeza tena, na safari hii hakuna aliyecheka. Fungu moja lilikuwa na mistari iliyotulia. Fungu la pili, kila mstari wake ulikuwa na bonde, sehemu ambapo joto lilianguka ghafla kisha likapanda polepole hadi magharibi. Baba aliinama hadi pua yake ikakaribia kugusa kioo.

"Haya ya bonde yote ni ya safu ya chini," alisema polepole. "Na ndiyo yanayoniua. Yote, hakuna hata moja lililokosekana. Joto linaanguka saa ngapi?"

"Alasiri," dada alisema. "Karibu kila siku."

Kiherehere akakirudisha nyuma kiti chake. Alasiri alikuwa anaijua vizuri. Alasiri ilikuwa ni yeye.

"Lakini kwa nini alasiri?" baba aliuliza.

"Hapo sasa programu inanyamaza," dada alijibu. "Imetuonyesha yanayofanana. Sababu tutaitafuta wenyewe."

Baba hakutaka kutafuta sana. Alimtuma mtu amwite fundi, na fundi akaja na penseli yake sikioni, akiwasalimu wote kwa utani. Baba akamwonyesha mistari. Utani ukamwisha fundi mdomoni.

"Safu ya chini niliitengeneza baadaye," fundi alikiri. "Mbao za wakati ule zilikuwa nyembamba kidogo."

"Na alasiri upepo unaingia chini ya mlango wa chumba," baba alisema. "Mbao nyembamba, upepo, joto linaanguka. Fundi, sisi ni majirani, sitaki maneno. Lakini wafugaji wenzangu wanasubiri kauli yangu ndipo wakupe kazi ya masanduku yao. Jioni hii nitawapigia simu, na siwezi kuwadanganya. Na hayo ya chini nitayatoa, nitafute mtu mwingine."

Fundi aliinua kofia yake, akaifuta kwa kiganja, akairudisha kichwani. "Mimi niliyapima vizuri," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini kama kompyuta inasema, mimi ni nani?"

Akaaga na kutoka. Kiherehere hakuwahi kumwona fundi akitoka nyumba yoyote bila kuacha watu wanacheka. Alitamani akalale, aamke mambo yakiwa yamekwisha. Alijiambia kwamba labda ni upepo kweli. Alijiambia pia kwamba hata yeye akifungua, joto hurudi kabla ya usiku, na kwamba masanduku ya chini ni ya mbao nyembamba, na kwamba fundi atapata kazi nyingine. Hakuna hata moja lililomwingia. Baba alikuwa ameshatoa simu mfukoni na anatafuta namba.

"Baba, usipige."

Baba akageuka.

"Si upepo. Ni mimi." Maneno yakatoka kwa mkupuo. "Ninayafungua nikitoka shule, moja baada ya jingine. Naleta wenzangu tusikilize mayai. Nilidhani kuchungulia tu si kitu. Ya juu siyafikii, ndiyo maana ni ya chini tu."

Mama alitokeza jikoni na kijiko mkononi, akabaki mlangoni.

"Mnayatoa mayai?" baba aliuliza.

"Tunayatoa. Yale yanayokaribia, maana ndiyo yanayolia."

Baba akaketi. "Zile siku za mwisho ndizo mbaya kuliko zote, mwanangu. Hewa ya unyevu ikitoka, ngozi ya ndani ya yai inakauka na kumbana kifaranga. Anashindwa kutoka."

Kiherehere hakujua hilo. Aliwakumbuka vifaranga waliokufa, machozi yakamtiririka bila sauti. Aliwapenda kuliko mtu yeyote mle ndani, na kumbe yeye ndiye aliyekuwa anawamaliza.

Dada alirudi kwenye kompyuta, akatafuta kitu, kisha akawaita. "Tazameni Jumamosi na Jumapili. Mistari ya chini imetulia kama ya juu. Upepo haupumziki mwisho wa juma, lakini shule inapumzika. Anasema kweli." Akasogeza kidole. "Na siku hii, bonde ni refu mno. Hapa kulikuwa na nini?"

"Ni siku niliyoleta timu yote ya mpira," Kiherehere alisema kwa kwikwi.

Mama alijitahidi kujizuia, akashindwa, akarudi jikoni mabega yakimtikisika. Baba naye alifunika mdomo kwa mkono. Lakini alipouondoa, uso wake ulikuwa wa mtu asiyetania.

"Vaa viatu. Tunakwenda kwa fundi, na utasema wewe."

Kiherehere akasema, mbele ya karakana, akiwa amesimama kwenye maranda ya mbao. Fundi alimsikiliza hadi mwisho. Baba akamwomba radhi fundi kwa kumtuhumu bila kuchunguza, kisha akawapigia wafugaji wenzake simu palepale, akawaambia masanduku ya fundi huyu hayana kasoro. Fundi alipumua kwa nguvu.

"Nilikuwa nimeanza kuzichukia mbao zangu mwenyewe," alisema. "Sasa, Kiherehere, wewe hutaacha kuchungulia. Nakujua. Dawa yako ni kioo."

Siku chache baadaye alikuja na misumeno yake, akatoboa milango ya masanduku ya chini, akaweka vioo vilivyobana vizuri. Adhabu ya Kiherehere ilikuwa kuosha trei zote kwa likizo nzima na kuwaeleza wenzake mmoja mmoja kwa nini mayai hayatolewi tena. Mapengo alimsikiliza, kisha akamsaidia kuosha trei bila kuombwa. Waliosha vibaya, wakarudishwa, wakaosha tena.

Mayai yaliyofuata yalipofika siku zao, nyumba nzima iliamshwa na kelele. Safu ya chini ilijaa vifaranga sawa na ya juu. Dada aliendesha programu mara nyingine kabla hajarudi chuoni, na mafungu ya juu na ya chini hayakuonekana tena. Mistari yote ilikuwa imetulia.

Kiherehere alisimama karibu na baba, aliyekuwa anawahamisha vifaranga huku akipiga mluzi.

"Baba, kwa hiyo siku ile kompyuta ilikosea?"

"Haikukosea. Ilituonyesha masanduku yanayofanana, ikaishia hapo. Sababu niliitunga mimi, nikambebesha fundi." Baba akaacha kupiga mluzi na kumtazama. "Ungenyamaza, ningekuwa na jibu zuri sana, lenye picha za rangi, na lingekuwa uongo. Fundi angekosa kazi. Mimi ningenunua masanduku mapya, wewe ungeyafungua, na hawa nao wangekufa. Ulikosa kwa kutosikia, na hilo tumelimaliza. Lakini ulisema ukweli wakati kunyamaza kungekuokoa, na hilo nataka ulishike maisha yako yote. Ukiujua ukweli ambao wengine hawaujui, useme mapema, hata kama unakuumiza. Kuna mtu anauhitaji."

Akachukua kifaranga mmoja, ambaye manyoya yake yalikuwa hayajakauka sawasawa, akamweka kwenye viganja vya Kiherehere. Alikuwa ametoka katika sanduku la chini.