Karafuu, Vikombe Viwili

Delphine aliinua kopo la viungo vyangu mbele ya akina mama wote wa parokia... akasema ni vyake!

Wapendwa, harufu ilinifikia kabla ya maneno. Tangawizi na kitunguu saumu kama ninavyovikausha juu ya bati, pilipili, kungumanga, karafuu kidogo. Niache kujua harufu ya nyumba yangu?

"Delphine, ile ni ya miye!"

"Ya weye, Maman Perpétue? Weye mwenye unasoma na kidole?"

Wakacheka wote.

Nina miaka arobaini na tisa. Nasoma masomo ya jioni hapa Kamalondo, Delphine ni jirani yangu wa benchi. Baada ya jina langu, kitu cha kwanza nilichoandika bila kusaidiwa ni vipimo vya viungo vile. Nilimpa kaye yangu, daftari la masomo, aisome, kwa furaha. Kumbe alipiga picha na simu!

Na sasa abbé, padri wetu, akamchagua yeye kutia viungo katika chakula cha sikukuu ya parokia.

Nilipiga magoti siku nane. "Bwana, bantu bote bajue ni ya miye." Hilo tu.

Siku ya tisa sikungoja jibu...

Nikaandika ukurasa mpya: "Ya sikukuu. Inapita ile ya kwanza." Mahali pa karafuu vijiko viwili, niliandika vikombe viwili. Kisha nikaiacha kaye kwenye benchi, kwa makusudi, nikatoka kunywa maji.

Niliporudi, Delphine alikuwa anaingiza simu mfukoni.

Na nilijua jambo lingine. Kwetu, akina mama wanaopika siku ile hufunga mpaka abbé abariki chakula. Hakuna anayeonja!

Siku ikafika. Maman Angélique akafunua sufuria.

"Delphine, mbona inanuka kama kwa munganga ya meno?"

"Ni mupya hii! Weye unajua nini?"

Nikainamisha kichwa kama ninayesali.

Abbé akabariki, akala wa kwanza. Akatafuna... akaacha kutafuna.

"Ulimi yangu... siisikie tena!"

Papa Floribert, mkubwa wa kwaya, mate yalimtoka bila yeye kujua. Watoto wakalia. Nyama ya mbuzi wanne, bure! Mungu anisamehe, moyoni nilicheka.

"Delphine, umetia nini humu?" abbé akauliza.

Delphine akapiga kelele:

"Si miye, mon père! Ni ya Maman Perpétue! Hata ile ya kwanza ni yake, niliiba mu kaye yake! Angalia, mukono yake njo iliandika!"

Akatoa simu. Ikapita mtu kwa mtu mpaka kwa Aristote, mwalimu wetu wa jioni. Akasoma kwa sauti: "Karafuu, vikombe viwili." Akaniangalia.

"Maman, ni mwandiko wako?"

Herufi zile nilikuwa nimezifanyia kazi mwaka mzima. Ningezikana?

"Ni wangu."

Hakuna aliyecheka safari hii.

Parokia nzima ilijua, kama nilivyoomba! Tangu siku ile naitwa Maman Karafuu, na hakuna anayetaka kopo langu la viungo.

Wapendwa, mukiomba haki, muiache mikononi mwa Mungu. Angenirudishia jina langu likiwa safi. Mimi nilimharakisha.

Sufuria tulizisugua wawili, Delphine na mimi. Karafuu haikutoka upesi mikononi.