Sauti Iliyotangulia Nyumbani

“Sifanyi, maman. Watanicheka.”

“Wacha wacheke. Utapungukiwa nini?”

“Hapa ni Texas. Hakuna mtu anayesalimia mto.”

Matumaini alikuwa bado na sare ya ghala, hajalala tangu atoke kazini. Alimshika binti yake mkono pale mlangoni. “Chota maji kidogo, gusa paji la uso, useme wewe ni mtoto wa nani. Ni hayo tu. Tulipovuka Ruzizi tukikimbia vita, wewe ukiwa mgongoni, nilikutaja. Mto ukatuacha tupite.”

Clarisse aliuchomoa mkono, akakimbilia basi la vijana wa kanisa lililowapeleka matembezi ya mtoni, mbali jangwani. Ilikuwa kiangazi cha 2007, huko Garland, na wao walikuwa majirani zetu wa ghorofa ya juu.

Kule jangwani mto ulipita katikati ya kuta mbili za mawe, ndefu hata jua halikufika chini. Kiongozi wao, kijana Mmarekani mcheshi, aliwapandisha kwenye boti la mpira, akawafundisha kupiga kasia. Clarisse aliinama, akachota maji kwa siri. Siri haikudumu.

“Wee, unaongea na maji ama?” Whitney, Mkenya wa mji wa DeSoto, alimcheka. “Nani alikufunza hizo?”

Boti zima likageuka. Uso wa Clarisse ukawaka moto. Akayamwaga maji.

“Mama mmoja tu wa mtaani kwetu,” akasema. “Hata simjui.”

Makasia yakaendelea. Neno lile likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Korongo lilipobana, kiongozi akawaambia kila mtu aite jina lake. Whitney akaita, kuta zikamrudishia. Clarisse akaita.

Kimya.

Akaita tena. Kiongozi alicheka, kisha akaacha kucheka.

Walikuwa wameshapita pale palipobana, sauti ilipotoka nyuma yao. Chini, karibu na maji. Taratibu.

“Mimi ni Clarisse. Mtoto wa Matumaini.”

“Si ni wewe?” Whitney alinong'ona.

Clarisse alitikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa imefumbwa. Sauti ilikuwa yake.

Njia nzima ya kurudi hakusinzia. Alipanga maneno ya kumwomba mama yake msamaha, akayapangua, akayapanga upya. Basi lilimshusha mchana kweupe, watoto wakicheza mpira nje. Kwenye ngazi palikuwa na nyayo za mtu asiye na viatu. Mbichi. Zina tope jeupe la kule korongoni. Zilipanda mpaka mlangoni. Hazikushuka.

Akaweka mguu wake juu ya unyayo mmoja. Ukalingana.

Alibisha. Ndani mtu alikuwa anacheka, na kicheko kile alikijua.

Matumaini akafungua kidogo, mnyororo bado umefungwa. Alimtazama kwa upole, kama anavyomtazama mgeni yeyote.

“Maman, ni mimi. Nisamehe.”

“Pole, binti. Clarisse wangu alishafika, yuko jikoni anakausha nywele. Wewe ni mtoto wa nani?”