Sinia Iliyorudi na Tambuu Zake

Zama zile mji wa Shakwe ulipokuwa na ukuta wake na enzi yake, ghala la mbegu lilifungwa kwa makufuli matatu, na kila mtaa ulishika ufunguo mmoja. Sultani hakuwa na hata mmoja. Ufunguo wa Mtaa wa Juu ulining'inia shingoni mwa Bwana Mzamili, mjumbe wa baraza, mzee mkavu wa maneno. Alikuwa ami yake Sultani Dausi, na ndiye aliyemlea na kumfundisha kushika upanga.

Mwaka mmoja Dausi alipeleka sinia ya tambuu kwa Mwana Shano, malkia wa Tumbwe, kuthibitisha urafiki. Sinia ikarudi vilevile, halikuguswa hata jani. Shakwe nzima ikawaka, maana kurudishiwa tambuu ni kutemewa mate usoni. Dausi akaapa mbele ya umati kwamba ataubomoa ukuta wa Tumbwe. Kilichobaki ni chakula cha jeshi.

"Mavuno yalikuwa haba," alisema barazani, joho la nyuzi za dhahabu mabegani, jambia kiunoni. "Fungueni ghala la mbegu. Tutalijaza tena kwa mtama wa Tumbwe."

Wajumbe wawili wakavua funguo zao upesi. Mzamili hakuinua mkono.

"Hatukutukanwa," alisema. "Wachukuzi wa chumvi wameniambia Mwana Shano amefiwa na mumewe. Yumo edani. Mwanamke wa eda hajipambi, na tambuu hukoza midomo. Mlitaka azitafune akiwa matangani?"

Mzamili akauona uso wa Dausi, kijana wake, ukilegea, na moyo wake ukaruka kwa tumaini. Ndipo Amiri Sengo, mkuu wa jeshi, akachekea puani.

"Basi siku hizi vita tunapangiwa na wajane!"

Wote wakaangua kicheko, na uso wa Dausi ukakaza tena. "Nimekwisha apa, Ami."

"Kiapo kina kafara yake. Lisha masikini, yaishe. Lakini Tumbwe haianguki upesi, mwanangu. Mvua zitawakuta kule, na huku mashamba yatakaa bure. Mbegu ikiliwa, tutapanda nini? Watoto watakula nini?"

"Nipe ufunguo, Ami." Alisema polepole, kama alivyokuwa akiomba vitu utotoni.

"Sikupi."

Mila ilikataza mshika ufunguo kupokonywa. Ila kufuli la mtu asiye wa mji lingeweza kuvunjwa. Kwa hiyo Mzamili akavuliwa kilemba na uraia siku hiyohiyo, akatolewa kwa lango la mizoga, wanakoburutia ng'ombe waliokufa. Wanawake wakampigia kelele madirishani: "Mwoga! Mwoga!" Ilimuuma sana, maana ubavuni alikuwa na kovu la mkuki alilolipata akiupigania mji huohuo. Nyuma yake alisikia shoka likigonga kufuli.

Jeshi likaondoka kwa vigelegele, ngao za ngozi ya kifaru mbele. Kilichofuata hakina utamu wa kusimulia. Mvua iliwakuta chini ya ukuta wa Tumbwe, mtama ukaota ukungu vikapuni, homa ikaingia kambini. Amiri Sengo alikufa kwa mshale wa shingoni. Waliobaki wakarudi kwenye mashamba yaliyolowa vizuri, yenye udongo mweusi, yasiyo na punje ya kutia ndani yake. Wakaanza kuzika watoto.

Dausi alimfuata ami yake porini, peke yake, joho limechanika.

"Ami, hukubakiza mbegu?"

Mzamili alikuwa amesubiri kwa hamu siku ya kusema "nilikwambia". Sasa neno lenyewe halikutoka. Akauvua ufunguo shingoni, akauweka kwenye kiganja cha kijana.

"Nilitoka na huu tu, mwanangu."

Dausi akalia kwa sauti. Mzee akamchimbia ming'oko, mizizi ya porini, wakala bila kutazamana.

Shakwe leo ni magofu. Kaburi la Dausi bado lina maandishi mazuri yanayomwita Mvunja Kuta. Kaburi la Mzamili halijulikani. Lakini wachunga mbuzi wanaopita pale kwenye lango la mizoga wanalijua jina lake, na ukiwauliza watakwambia bila kusita: Lango la Mwoga.