Miguu ya Metui

Mdogo wangu Evarista alipokosa nafasi ya sekondari, mama alimpeleka Mbulumbulu kwa bibi mmoja, Germana, akajifunze kukanda viungo. Kazi yenyewe ilikuwa na ulaji. Wakulima wa ngano wenye migongo mibovu, Wamasai waliorushwa na madume ya ng'ombe, hata madereva wa watalii kutoka kreta ya Ngorongoro, wote walipanda mpaka kwake. Mimi nilikuwa Mlimani, Dar es Salaam, nikifundishwa kutilia shaka kila kitu, jambo ambalo nililiweza hata kabla ya chuo.

Nilirudi likizo mwaka sabini na saba, siku ya kawaida kabisa. Nilimkuta mama anapukuchua mahindi kwa mkono. Mashine hakuitaka tena tangu ilipokula ncha ya kidole changu cha mwisho cha kushoto, nikiwa mtoto.

"Kamtazame mwenzio," akaniambia. "Tangu Pasaka hajatia mguu hapa."

Evarista alikuwa nje ya nyumba ya Germana, anakunywa uji. Kikombe alikibana kwa vifundo vya mikono, maana vidole vilikuwa vimejikunja kama vya kuku aliyekufa. Viganja vilikuwa vigumu, vyeusi, vimepasuka magaga. Magaga ya kisigino, kwenye kiganja.

"Umefundishwa nini muda wote huu?"

"Kushika miguu." Aliutazama mlango, akashusha sauti. "Bibi anakanda kuanzia shingoni, anaushusha ugonjwa. Mimi nashika nyayo za mgonjwa. Kila mwanafunzi anaanzia hapo."

"Na wenzio waliotangulia?"

"Blandina alikufa. Yule mwingine analishwa na mama yake."

"Chukua nguo zako, twende."

"Nimeshajaribu, dada. Nikifika barabarani vidole vinakaza mpaka kucha zinaingia kwenye nyama. Bibi anasema nitaondoka akipatikana wa kushika badala yangu."

Germana akatoka, mikono inang'aa mafuta ya kondoo.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema.

"Milele amina." Mkono hakunipa. "Huyu ndiye msomi? Wa vidole vinne na nusu? Serikali inasomesha mpaka mabaki!"

"Leo nitashika mimi," nikamwambia. "Mkimaliza huo mchezo, naondoka na mdogo wangu."

Alicheka mpaka akajifuta machozi. "Umesikia, Evarista? Ameomba mwenyewe."

Ndani, juu ya ngozi ya ng'ombe, Metui alikuwa amelala kifudifudi. Mfugaji wa Ngorongoro. Dume lilikuwa limemrusha, hakuweza kusimama. "Yeyo, fanya haraka," alimwambia Germana, kwa heshima anayopewa mama.

Germana alikuwa hodari, sitamnyima hilo. Dole gumba lake lilikwenda penyewe palipokaza. Shingo. Mabega. Kiuno. Mimi nimechuchumaa nimeshika nyayo, nikipanga maneno ya kumwambia mama.

Ndipo nikaona kitu kinatembea.

Chini ya ngozi ya paja la Metui. Ukubwa wa panya. Kilifika gotini kikasimama, kama kinachosikiliza. Kikashuka tena. Nyayo zikawa baridi kama jiwe la mtoni. Kisha kikanigonga kiganjani. Taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

"Usiachie, dada," Evarista alinong'ona nyuma yangu. "Ukiachia mgonjwa anakufa. Bibi alisema."

Nikamtazama Germana. Mtu anayemhofia mgonjwa humtazama mgonjwa. Yeye alikuwa anatazama mikono yangu. Na jasho lilikuwa linamtoka.

Nikaachia.

Metui hakufa. Kitu kilipanda. Goti. Paja. Kiuno. Mbio, kuelekea ile mikono miwili yenye mafuta. Germana alitaka kuiondoa. Haikubanduka. Hakupiga kelele. Miguu yake tu ndiyo iliyokuwa inapiga sakafu, kama ya mtu anayevutwa.

Metui akainuka, akajinyoosha, akauliza yeyo amepatwa na nini. Hatukungoja jibu. Pale barabarani vidole vya Evarista vilifunguka, kimoja kimoja. Begi langu alilibeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Germana alikufa kabla likizo yangu haijaisha. Mama alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Alirudi akalala bila kula. Asubuhi yake akaniita jikoni.

"Hebu weka mikono yako hapa mezani."

Nikaiweka. Aliitazama mpaka chai ikapoa.

"Kwenye nyayo zake kuna alama za mikono ya mtu," alinong'ona. "Imemshika. Tumesugua kwa sabuni, tumesugua kwa jivu. Haitoki."

"Ya nani?"

Akakifunika kidole changu cha mwisho kwa kiganja chake, polepole, kama asiyetaka Evarista akione.

Mimi Germana sikuwahi kumgusa. Hata salamu, tulipeana kwa mdomo.