Duka la Miwani Lililotembea

Kule Kitovu, ukitaka kiatu hukifuati. Kiatu kinakufuata wewe. Unasimama katikati ya ukumbi unawaza mambo yako, mara duka zima la viatu, na vioo vyake na muuzaji wake wa chuma, linaserereka juu ya reli za sumaku na kusimama mbele yako kwa adabu, kama mhudumu aliyebeba sinia. Kumbi za mikutano nazo zilitembea. Asubuhi madaktari wa mifugo, mchana ukumbi umekatwa vipande, jioni kuta zimeondoka na harusi imejaa tele. Dodoma nzima ilijivunia jengo hilo la Kitovu, na wageni hawakuchoka kulipiga picha.

Kilichopanga yote hayo ni bongo-mashine iliyoitwa Msogezi. Msogezi alifuata macho ya watu na nyayo zao, akajua wanatamani nini kabla wenyewe hawajajua. Duka lililotazamwa sana alilipeleka penye watu wengi zaidi. Lililopuuzwa alilisukumia uani.

Aliyemfundisha Msogezi kazi hiyo ni Mhandisi Mbonea, na Mbonea alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha. Ni ule wa kuamka nao, ukaenda nao kazini, ukarudi nao. Sikukuu zilimpita, mialiko ilimpita, na simu za nyumbani Usangi alizijibu kwa neno moja: kesho.

Basi mama yake, Bi Nakijwa, alipoona kesho haifiki, akapanda basi akaja mwenyewe. Alilala kwa mwanawe, na mwanawe hakurudi. Asubuhi akaweka makande kwenye hotipoti, akamfuata huko huko kazini.

"Shikamoo mama! Umefikaje huku?"

"Marahaba baba. Kwa kuuliza tu. Mbona umekonda hivi?"

"Kazi, mama. Leo mkutano wa maji wa Afrika nzima unafunguliwa."

"Haya, tule kwanza. Dawa yangu ya sukari nimeshameza, na peke yangu siwezi kula chakula nilichokupikia wewe. Halafu nitazamie hiki kisikio, hii simu yenu ya kuvaa sikioni, ikiita kinanipigia kelele tu."

Mbonea alipokea kisikio akakitia mfukoni. Hapo hapo Lusajo, mwenzake wa chumba cha uendeshaji, akamwita: ukuta wa ukumbi mkuu umekwama, na bosi amekwisha kuwaka.

"Mama, nisubiri pale kwenye duka la miwani. Usiondoke pale. Nakuja sasa hivi."

Ndivyo tunavyoelekezana sisi. Nani kwetu anataja namba ya jengo? Tunasema pale dukani, pale kwenye mashine ya kusaga, na mtu anafika. Ila jamani, mtu aliyeyapa maduka miguu ndiye wa kusema maneno hayo? Uchovu ulimsemesha.

Ule ukuta ulikuwa mkaidi. Ulipokubali kusogea, ukafuata mwingine, kisha jukwaa, kisha ugeni wa mawaziri. Mbonea alipotoka, jua lilikuwa limeshavuka paa la kioo. Pale palipokuwa na duka la miwani pamesimama duka la magodoro. Mama hayupo. Akapiga simu yake, na kelele zikalia mfukoni mwake mwenyewe.

Alikimbia hadi chumba cha uendeshaji, akihema juu juu.

"Lusajo, mama yangu amepotea!"

"Humu? Humu hapotei mtu, ndugu yangu. Msogezi, kuna aliyepotea?"

"Hakuna," Msogezi alijibu. "Aliyepotea huzubaa, hugeukageuka, hurudi alikotoka. Leo hakuna aliyefanya hivyo."

"Amemeza dawa na hajala," Mbonea alisema. "Sukari ikishuka anaanguka." Kisha wazo likamjia, na lilimtisha. "Duka la miwani liko wapi?"

"Limepanda hadi ghorofa ya tatu, na bado linasogea. Leo ndilo duka linalopendwa kuliko yote. Lina mteja ambaye hajaliacha tangu asubuhi. Kila nilipolisogeza alilifuata, nami nikazidi kulisogeza, ili wengi waone linavyofuatwa."

"Na sasa hivi bado anatembea?"

"Anatembea. Mwendo wake umepungua."

Mbonea alifungua kifuniko cha kitufe chekundu. Mtambo wa reli ulikuwa mmoja kwa jengo zima. Kusimamisha duka moja ni kusimamisha kila kitu.

"Wee!" Lusajo alimshika mkono. "Kuna mawaziri mle! Ukuta uko nusu ya ukumbi!"

"Niachie, Lusajo. Nitafukuzwa mimi, si wewe."

Akabonyeza. Kitovu kikanyamaza. Watu walisimama walipokuwa, wakatazamana.

Alimkuta ghorofa ya tatu, ameegemea kioo cha duka la miwani, kandambili mkononi, miguu imevimba, jasho linamtiririka usoni. Mkono ulioshika kikapu chenye hotipoti ulikuwa unatetemeka. Mbonea alimkalisha sakafuni. Mama mmoja mgeni wa mkutano, bila kuulizwa, akatoa chupa yake ya juisi, wakamnywesha kidogo kidogo mpaka macho yakatulia. Kisha Mbonea akafungua hotipoti, akamlisha makande kwa kijiko.

"Mama, kwa nini hukukaa tu? Duka likiondoka si unaliacha liende?"

"Uliniambia nikusubiri kwenye duka la miwani. Duka likaondoka."

"Ungemuuliza mtu!"

"Nimuulize nini, nami sikupotea?" Bi Nakijwa alimeza, akapumua. "Kijijini wote wanajua kazi yako ni kuyaendesha haya maduka. Nikasema, mwanangu ana kazi nyingi, hawezi kuja, ndiyo maana ananivuta polepole mpaka nifike alipo. Nikafurahi, nikafuata. Likisimama nasema hapa ndipo. Likiondoka nasema bado kidogo."

Kisikioni mwa Mbonea bosi alikuwa akilitaja jina lake, tena na tena, kwa hasira. Alikichomoa, akakiweka sakafuni kando ya kandambili. Akaivuta miguu ya mama yake mapajani mwake, akaanza kuikanda, na machozi yakamtoka bila ya yeye kuyafuta.

Bi Nakijwa alimtazama, kisha akalitazama duka lililosimama kimya nyuma yao.

"Sasa tumefika, baba, au bado tunaendelea?"

"Tumefika, mama."

"Haya, kula basi. Yanapoa."